Filamu ya Marehemu Aliyesimama

I

Jeneza lilikuwa limekwisha kufika ukingoni mwa kaburi, Profesa Gebhard Ngonyani alipowaomba wabebaji warudi nyuma.

"Hatua chache tu, ndugu zangu," alisema, kwa sauti ya chini inayofaa msibani. "Wingu limeondoka. Mkirudi hadi kwenye ule mgomba, kisha mkaja tena taratibu, mwanga utawaangukia usoni inavyopasa."

Wabebaji walitazamana chini ya mzigo wao. Mzee Otmar, baba mzazi wa profesa, mpima ardhi mstaafu aliyejulikana wilaya nzima, hakuwa mtu mwepesi alipokuwa hai, na kifo hakikumpunguza. Lakini mfiwa ni mfiwa, na profesa ni profesa. Wakaanza kurudi kinyumenyume na marehemu wao, wakipapasa njia kwa visigino, jambo ambalo kijiji cha Lihangala hakikuwahi kuliona tangu watu waanze kufa. Kwaya iliendelea kwa sababu hakuna aliyeiambia iache, ingawa sauti ya pili ilikuwa imekwisha kupotea njia.

Juu ya vichwa vyao alielea Shahidi, kamera ya profesa. Alikuwa na ukubwa wa chungwa, mbawa za panzi na macho pande zote, wala hakuhitaji mkono wa kumshika. Alirekodi, akachagua, akakata na kuunga mwenyewe, hata filamu ikawa tayari kabla watu hawajasahau walichokiona. Wakati huu alishuka kidogo, akayafuata yale makalio yaliyokuwa yakirudi mgombani, akayarekodi kwa uaminifu wote.

"Pamepinda," ilisema sauti kutoka kaburini.

Kwaya ikanyamaza. Sauti ile ya kukwaruza, iliyotanguliwa na kikohozi kikavu, kila mtu wa Lihangala alikuwa ameisikia ikitolewa juu ya ukuta wake, ua wake au mstari wa mahindi yake. Ilikuwa sauti ya Mzee Otmar, naye Mzee Otmar alikuwa ndani ya jeneza, akielekea mgombani.

Ilichomoza kofia ya pama, likafuata koti la kahawia, kisha Bi Kalunde Mhoja mzima akapanda kutoka shimoni huku akijipangusa udongo.

Kalunde alikuwa hakimu mstaafu wa Tabora, Mnyamwezi wa kuzaliwa, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wangoni ni watani, hapakuwa na haja ya kumwalika. Alishuka kwenye basi la asubuhi, akalia machozi ya kweli pamoja na mjane, kisha akaingia chumbani bila hodi na kutoka amevaa koti la marehemu, kofia yake, na mkononi fimbo yake ya kupimia. Tangu hapo hakuna aliyemwita Kalunde. Watoto walimwamkia babu. Mjane mwenyewe, Mama Winfrida, alimkaripia mbele ya watu kwa kuingia ndani na viatu vya matope, kama alivyomkaripia mumewe kwa zaidi ya miaka sitini, na waliokuwapo waliona jinsi pumzi yake ilivyotulia baada ya kukaripia. Kazi ya mtani ndiyo hiyo. Huubeba msiba kwa upande ule ambao wafiwa hawaufikii.

Sasa alikuwa ametoka kulipima kaburi kwa kulala ndani yake.

"Nani amewaambia mnirudishe?" aliwauliza wabebaji. "Nimekufa mara moja, kwa utaratibu, padri ni shahidi. Mnataka nizikwe mara mbili?"

"Ni Profesa, Mzee," alijitetea mbebaji wa mbele. "Anasema mwanga."

"Mwanga." Kalunde alifumba jicho moja, akamtazama Gebhard kupitia ncha ya fimbo, vilevile marehemu alivyokuwa akiitazama mipaka ya watu. "Nilipokuwa nasoma ramani kwa kibatari ili wewe uende shule, huo mwanga ulikuwa wapi?"

"Mtani, tafadhali," alinong'ona Gebhard. "Niko kazini."

"Baba yako yuko mabegani mwa watu, nawe uko kazini." Akavua kofia, akaurusha mkono mara moja, akamnasa Shahidi hewani kama mtu anayenasa kumbikumbi. "Hiki kimetekwa."

Kilichotekwa na mtani msibani hakirudi mpaka mfiwa akikomboe, na mfiwa akikasirika, gharama hupanda. Gebhard alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale: alikuwa ameliandikia sura nzima katika kitabu chake. Akaimeza hasira yake, ikashuka kwa shida.

"Nikikomboe kwa kitu gani?"

"Kwa bega. Kushoto mbele pamelegea. Huyo kijana ni mfupi na wenzake ni warefu, mimi humu ndani nimeinama kama mzigo wa kuni. Gebhard. Njoo ubebe."

Baadaye alijaribu mara nyingi kueleza kilichotokea hapo, asifaulu. Alijua fika kwamba aliyesema ni hakimu mstaafu mwenye hereni masikioni. Lakini miguu yake haikusubiri maelezo. Ilikwenda, kama ilivyokwenda utotoni alipoitwa kushika mwisho wa kamba ya kupimia, na bega lake likaingia chini ya ubao. Uzito ulipomshukia, ndipo profesa alipolia, kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu ya msiba.

Ndani ya kofia, Kalunde alikuwa ameacha upenyo wa kidole kimoja. Katika upenyo huo jicho la Shahidi lilikuwa wazi, na mkono wa mtani ulikuwa umelielekeza usoni mwa mfiwa.

II

Zamani, mtaalamu alikuwa akienda kwa watu na kamera yake, akawapiga picha wakitwanga, wakioana na kuzikana, kisha akarudi kwao na kuandika mwishoni mwa filamu jina moja, lake. Waliotwanga, waliooana na waliozikana waliitwa "wenyeji". Ugomvi juu ya jambo hilo ulidumu vizazi kadhaa na kuwatoa watu wengi jasho katika kumbi zenye viyoyozi, hadi ilipoundwa tume ya kuumaliza. Katibu wa tume alikuwa kijana mkali, mwenye kipaji cha kuandika vifungu. Jina lake Gebhard Ngonyani.

Ni yeye aliyependekeza kwamba mwenye filamu asichaguliwe na mtu yeyote. Apimwe. Ndipo mashine kama Shahidi zikafundishwa kupima: nani alitenda, wengine wakamfuata, nani alitamka neno, macho yote yakageuka, kwa uamuzi wa nani mambo yalikwenda huku yasiende kule. Na ili wataalamu wasighushi vitambulisho vya wanavijiji, Gebhard aliongeza kifungu cha tano, alichojivunia kuliko vyote: mtu atambuliwe kwa jina wanalomwita watu wake, na kwa mavazi na sauti wanayomjua nayo, bila kujali kadi ya serikali inasema nini.

Kanuni ilipita kwa makofi. Tangu siku hiyo Gebhard hakupata tena filamu yenye jina lake. Filamu yake ya mavuno ilipewa bibi mmoja aliyekuwa akigawa pombe. Ya harusi ilipewa shangazi wa bwana harusi, aliyenuna tangu mwanzo hadi mwisho, sherehe nzima ikamzunguka kumbembeleza. Ile ya wafugaji wa Dodoma ilipewa mbuzi. Shahidi alieleza kwa adabu kwamba siku nzima watu wote, profesa akiwamo, walikwenda alikokwenda mbuzi. Filamu ile ikapata tuzo, na Gebhard akapanda jukwaani kuipokea kwa niaba ya mwenye filamu.

Alivumilia, kwa kuwa kanuni ilikuwa yake na aliiamini. Lakini sasa alikuwa ukingoni mwa kustaafu, na hii ilikuwa filamu ya baba yake. Moja tu alitaka ibaki na jina lake, na ile moja iwe hii.

Asubuhi baada ya mazishi, Shahidi alitua mezani katikati ya vikombe vya uji, akatoa taarifa yake kwa Kiswahili cha watangazaji wa kale.

"Ndugu wafiwa, poleni. Filamu imekamilika. Mwenye filamu ni Ndugu Otmar Ngonyani."

Gebhard alikiweka kikombe chini polepole. "Otmar Ngonyani alizikwa jana. Ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Kumbukumbu zangu zinao watu wawili wenye jina hilo: Otmar Ngonyani aliyelala, na Otmar Ngonyani aliyesimama. Aliyelala hakuchangia uamuzi wowote. Aliyesimama alitoa amri, zikatiiwa. Aliniteka, akachagua pa kunielekeza, akaugeuza mwendo wa mazishi. Aidha, mke wake alimkaripia kuhusu viatu."

"Yule ni mtani, Shahidi. Ni desturi. Ni mchezo."

"Je, kuna mtu yeyote hapa aliyemwita kwa jina jingine?"

Gebhard alimtazama mama yake. Mama Winfrida aliutazama uji.

"Nimetumia kifungu cha tano," alisema Shahidi. "Kimeandikwa vizuri sana."

Kisha akaionyesha filamu ukutani. Walioinuka kutoa vyombo wakakaa tena navyo mikononi. Profesa alijiona akinyoosha kidole kuelekea mgombani, akaona aibu. Akaona giza la kofia, upenyo wa nuru, na katika upenyo ule uso wa mtu mzima mwenye mvi, shavu limebanwa kwenye ubao wa jeneza, machozi yakimwingia kinywani naye hana mkono wa kuyafuta. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha wanafunzi kutafuta uso wa namna ile. Yeye mwenyewe hakuwahi kuupata, kwa kuwa siku zote alisimama nyuma ya kamera.

Alikuwa hajaona filamu bora kuliko hiyo. Moyo ulimuuma kwa fahari na wivu kwa pamoja.

"Haitaonyeshwa nje ya nyumba hii bila idhini ya Ndugu Otmar aliyesimama," alimalizia Shahidi. "Anaweza pia kuihamishia kwa mtu mwingine, kwa kauli yake mbele yangu, kabla ya matanga kuanuliwa. Baada ya hapo jina halibadiliki."

III

Gebhard alimkuta Kalunde uani, amekalia kiti cha marehemu, koti limefungwa vifungo vyote licha ya jua, akiwaonyesha watoto jinsi banda la kuku lilivyopinda.

"Shikamoo, Baba," alisema Gebhard, nusu kwa utani, nusu kwa hesabu.

"Marahaba. Ukiniamkia kwa unyenyekevu namna hii, unataka kitu. Ndiyo tabia yako tangu hujaota meno."

Gebhard akamweleza yote. Kalunde alisikiliza huku ameegemeza kidevu juu ya fimbo, na Gebhard alipomaliza, ile sauti ya kukwaruza ikamwacha kidogo. Ikabaki ile ya mahakamani.

"Nisikilize, mtani. Nikiwa ndani ya koti hili mimi ni marehemu, na marehemu hali kiapo. Ninaweza kukuachia filamu, shamba, hata mama yako ukiweza kumlisha. Nitatamka neno moja, mashine yako itafurahi, jina lako litaandikwa. Lakini nikilivua, mimi ni Kalunde binti Mhoja. Nimehukumu watu maisha yangu yote kwa kusema uongo, sitauanza uzeeni. Nitaeleza kwamba nilikiteka kifaa chako kwa sababu ulikuwa unamrudisha baba yako kinyumenyume kama lori lililokwama. Na mgomba nitautaja."

"Kwa hiyo uamuzi ni wangu."

"Ni wako. Mimi nimekwisha kufa, sina haraka."

Mama Winfrida alikuwa amekuja na sahani ya ugali na nyama, akaiweka mbele ya koti, si mbele ya mtu mwingine yeyote. Kipande kilikuwa cha shingo, alichokipenda mumewe.

"Mama, umesikia," alisema Gebhard. "Kuna ubaya gani? Baba angenipa."

Mama Winfrida alifikiri kwa haki, kama mwanamke aliyemjua mtu wake. "Asingekupa," alisema. "Angepima kwanza."

"Na angekuta nini?"

"Wewe ndiye unayejua kigingi kiko wapi." Alinyoosha kola ya lile koti, ambayo haikuwa imekunjamana. Kisha akaongeza, bila kumtazama mwanawe, "Lakini ukisema ni yako na huyu akibaki alivyo, mimi sitakupinga. Tangu alivae hili koti, nyumba ina mtu wa kugombana naye."

Hapo profesa alielewa kwamba uongo ule ungewafaa watu wawili, na mzigo wake ukaongezeka. Alikwenda akautazama mgomba kwa muda mrefu. Mzee Otmar aliwasamehe wezi wa mahindi, walevi, hata mkwe aliyetoroka na baiskeli yake. Aliyehamisha kigingi cha mpaka hakumsamehe kamwe; hakumwamkia wala kula kwake. Alikuwa akisema kwamba mwizi wa mahindi huiba mavuno ya mwaka mmoja, lakini mhamisha kigingi huwaibia hata watoto ambao hawajazaliwa.

Mgomba haukuwa na la kusema. Ulikuwa umekwisha kutoa ushahidi wake kwenye filamu.

IV

Siku ya kuanua matanga, shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa nyumba ili wanakijiji waione filamu iwapo ingeruhusiwa. Wengi walikuwa wamekuja kwa ajili ya pilau, lakini waliketi kwa heshima. Kalunde alisimama mbele ya shuka, koti vifungo vyote. Shahidi alishuka hadi usawa wa kofia.

"Ndugu Otmar Ngonyani uliyesimama. Je, unaihamishia filamu hii kwa mtu mwingine?"

Kalunde alikohoa kile kikohozi kikavu, akamgeukia Gebhard, akasubiri. Uwanja mzima ukamgeukia Gebhard. Ilitosha aitikie kwa kichwa.

Alijiona tayari ameandikwa pale juu ya shuka, herufi kubwa, jina la ukoo likifuata. Halafu akaliona lile jina likiwa limesimama kama kigingi mahali palipochimbwa na mtu mwingine, mchana, mbele ya kijiji kizima.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya mihadhara. "Mwombe avue koti."

Mjane peke yake ndiye angeweza kuomba hilo, na kila aliyeketi pale alijua. Mama Winfrida aliinuka. Alifika mbele ya Kalunde, akapangusa bega la koti, akafungua kifungo cha kwanza yeye mwenyewe, kisha mkono ukakataa kuendelea.

"Una viatu vichafu," alisema.

"Najua, mke wangu," ilijibu ile sauti. "Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akavuta pumzi. "Kalunde. Nirudishie koti la mume wangu. Amekwenda."

Kalunde alivifungua vifungo vilivyobaki, akalikunja koti, akaweka kofia juu yake na fimbo juu ya kofia, akamkabidhi. Bila koti alikuwa mdogo kuliko watu walivyodhani. Wanawake walianza kulia, kilio cha mwisho, kile kinachoruhusu watu warudi mashambani.

Shahidi alizunguka mara mbili. "Ninaona mtu mpya," alisema.

"Mimi ni Kalunde Mhoja, na niko chini ya kiapo," alijibu hakimu. Akaeleza yote: kaburi, kofia, upenyo wa kidole. Mgomba pia aliutaja, kama alivyoahidi, na watoto wakaenda kuuangalia. "Filamu ni yangu, basi, kama kupima kwenu ndiko huko. Natoa idhini ionyeshwe. Ila Profesa naye awemo."

"Hakuongoza," alisema Shahidi. "Alijaribu mara moja. Matokeo yameonekana."

"Sikusema aliongoza. Andika alichokifanya."

Shahidi akaandika. Kisha filamu ikaonyeshwa, watu wakacheka penye kurudi nyuma, wakanyamaza penye kofia, na mwishoni majina yakapanda juu ya shuka moja baada ya jingine:

*Aliyezikwa: Otmar Ngonyani.*
*Mwenye filamu: Kalunde Mhoja, mtani.*
*Jeneza, kushoto mbele: Gebhard Ngonyani, mwanawe.*

Profesa aliusoma mstari wa tatu, akaurudia. Katika maisha yake alikuwa ameandikwa daktari, profesa, katibu, na mpokeaji wa tuzo kwa niaba ya mbuzi. Hakukumbuka kuandikwa mahali popote kitu ambacho alikuwa na hakika nacho namna hii.

Lakini kuna jambo lililomsumbua. Aliinamisha kichwa. Bila kujijua akafumba jicho moja, akanyoosha kidole mbele yake kama ncha ya fimbo, akaupima ukingo wa juu wa shuka dhidi ya mstari wa paa.

Kikohozi kikavu kikamtoka.

"Pamepinda," alisema.

Kalunde alikuwa wa kwanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta, na kicheko kikaenea hadi kwenye masufuria. Shahidi alishuka upesi kutoka juu, akaganda mbele ya pua ya profesa, macho yake yote yakiwaka.

"Samahani, ndugu wafiwa," alisema. "Naomba kufahamishwa. Aliyesema hivyo sasa hivi ni nani?"

Mama Winfrida alilikumbatia lile koti, akamsogeza Shahidi kando kwa kiganja, kama mtu anayemfukuza panzi mbogani.

"Huyo usimwandike," alisema. "Huyo tuachie sisi."